Mtoto wa miaka miwili hasemi: umsubiri, umfundishe nyumbani, au umpeleke hospitali?

Siku kijana wangu alipotimiza miaka miwili, jioni nilikaa jikoni na daftari la dada yake nikaandika kila neno analolisema. Nilipata manane. Mama, baba, "mai" kwa maji, "nyau" kwa paka, "pipi" kwa pikipiki, toa, bado, na "misi", ambalo amelitoa kwa bibi yake wa Tukuyu anayeyaita maji amisi. Sikuwa nimewahi kuyahesabu kabla ya hapo. Nilichojua ni kwamba mtoto wa jirani, aliyezaliwa wiki moja baada yake hapahapa Uyole, Mbeya, tayari anamwita mama yake kwa "mama njoo huku".

Tangu jioni ile nimepewa ushauri na kila mtu, na mwingi unapingana. Kwa hiyo nauweka hapa pande kwa pande, chaguo moja dhidi ya jingine, na kila mahali nasema mimi ningeshika lipi. Si daktari. Ni mama niliyesoma nilichoweza kusoma na kukijaribu kwangu.

Kwanza kipimo. Kinachotumiwa na wataalamu wengi ni hiki: mtoto wa miezi 24 ambaye maneno yake hayajafika 50, au haunganishi maneno mawili kama "mama njoo" au "nipe maji", amechelewa kusema. Neno linahesabiwa hata likiwa nusu, mradi analitumia kwa kitu kilekile kila mara, kwa hiyo "mai" ni neno na "nyau" ni neno. "Sitaki" aliyoikariri nzima ihesabu moja, ingawa ndani yake kuna mambo matatu. Na usidhani lazima apimwe na mtu mwenye koti jeupe. Kilifi, nchini Kenya, Katie Alcock na wenzake walitengeneza orodha za maneno ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama, zikajazwa kwa kumhoji mzazi, hata asiyejua kusoma, maana anayeshinda na mtoto ndiye anayeyajua maneno yake.

Kusubiri, au kuanza leo

Mama mkwe aliniambia, "Mwanangu, huyu atasema tu. Baba yake naye alichelewa, na leo humnyamazishi." Sehemu moja ya maneno yake ni kweli kabisa. Zaidi ya nusu ya watoto wanaochelewa hivi huwafikia wenzao kabla ya kuanza shule. Ila hakuna anayeweza kumtazama mtoto wa miaka miwili akakwambia kwa hakika kama wako yumo katika hao. Na lile la baba kuchelewa, ambalo kila familia hulitumia kama dawa ya kutuliza, linapaswa kutusukuma upande wa pili: kuchelewa kusema hufuata ukoo, na mtoto ambaye wazazi au ndugu zake walichelewa ana sababu zaidi ya kusaidiwa mapema.

Ukisubiri na akasema mwenyewe, hujapoteza kitu. Ukisubiri na asiseme, umepoteza mwaka ambao ubongo wake ulikuwa tayari kupokea. Kuanza nyumbani hakuna gharama wala madhara. Sioni cha kupima hapo. Anza.

Isipokuwa kuna watoto ambao kuanza nyumbani hakutoshi, na hao waende hospitali wiki hii hii: asiyegeuka ukimwita kwa nyuma, asiyeelewa "lete kiatu" bila kuonyeshwa kwa mkono, asiyenyoosha kidole kukuonyesha kitu, asiyekutazama, na zaidi ya wote aliyekuwa na maneno akayapoteza. Huyo wa mwisho asisubiri hata siku ya kliniki. Halafu masikio. Kwetu huku Juni na Julai baridi inapobana, mafua hayaishi, na mtoto anaweza kukaa na maji nyuma ya ngoma ya sikio bila kulia wala kutoa usaha. Anasikia, lakini kama mtu aliyezama kwenye maji. Wangu alielewa kila kitu na kidole chake kilikuwa hakipumziki, lakini nilimpeleka akapimwe masikio hivyo hivyo, na ninamshauri kila mzazi afanye hivyo kabla ya jambo lingine lolote.

Kuna pia watakaokwambia akatwe kimeo. Usikubali. Kimeo hakihusiani na maneno, na kukikata kienyeji kumeshatoa damu na kuleta maambukizi kwa watoto waliokuwa wazima.

"Sema!", au kumsemea

Hapa nakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea kwa miezi mingi nikidhani nafundisha.

Mgeni anaingia kutoka Tukuyu na mkungu wake wa ndizi. Mtoto anasukumwa mbele. "Mwamkie bibi. Sema shikamoo. Sema! Shi-ka-moo." Anarudi nyuma ya kitenge changu, anang'ang'ania. Mgeni anasema ana aibu huyu. Natahayari, narudia kwa sauti ya juu zaidi. Na yale maneno manane aliyonayo, siku hiyo hayatoki hata moja.

Njia ya pili ni mimi kumwamkia bibi kwa niaba yake, "Shikamoo bibi", bibi ajibu "Marahaba mjukuu wangu", na mtoto atoe mikono miwili tu. Heshima imetimia, hakuna aliyeaibika, na yeye amelisikia neno mahali pake, likisemwa kwa mtu anayestahili, likapata jibu. Kesho kutwa akija mgeni mwingine analisikia tena.

Si suala la upole peke yake. Katika Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, Mary Alt na wenzake wamekuwa wakifundisha watoto waliochelewa kusema kwa njia ambayo mtoto haambiwi aseme hata mara moja. Mtu mzima anachagua maneno machache ambayo mtoto hana, kisha anayasema mara nyingi, ndani ya sentensi tofauti, juu ya vitu tofauti, wakiwa wanacheza. Walilinganisha watoto waliopewa maneno 3, kila moja likisemwa mara 90 katika kipindi kimoja, na waliopewa maneno 6 yakisemwa mara 45 kila moja. Makundi yote mawili yalijifunza, wala halikuonekana moja kulishinda jingine kwa uwazi. Walilinganisha pia sentensi fupi na ndefu, matokeo yakawa vivyo hivyo. Kwa mzazi hilo ni nafuu kubwa. Huna haja ya kuongea Kiswahili cha kukatakata, "mtoto kula uji", ili akuelewe. Ongea sentensi kamili, ila neno lenyewe lirudi, na lirudi, na lirudi.

Niliposoma kuhusu hizo mara 45 niliona kwamba mimi ninazidisha. Siongei siku nzima na huyu mtoto? Dada yake wa miaka tisa akachukua vibakuli viwili na maharage 45, akaketi kwenye kigoda karibu na bomba. Kila nikisema "ndoo", anahamisha punje moja. Baada ya nusu saa ya kufua na kucheza na maji, kibakuli cha pili kilikuwa na maharage 11. Nikamuuliza basi muda wote nilikuwa nasema nini. Akanijibu, "Ulikuwa unasema hii nini, hii nini."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nikimsaili mtoto badala ya kumpa. Swali la "hii nini" halina neno ndani yake. Mtoto anayelijua jibu analijibu, asiyelijua anatoka mikono mitupu.

Siku iliyofuata ilikwenda hivi: Leta ndoo. Ee, ndoo. Ndoo ya bibi hii. Weka maji kwenye ndoo. Ndoo imejaa! Mwaga ndoo. Ndoo tupu. Funika ndoo. Ndoo nyingine iko wapi? Maharage yakaisha kabla ya nguo kuisha.

Kunyamaza nako kuna sehemu yake. Baada ya "ndoo imejaa!" nyamaza, hesabu moja hadi tano moyoni ukimtazama. Akitoa sauti yoyote, ipokee na umrudishie neno likiwa zima. Asipotoa, endelea. Na akionyesha kwa mkono, mkono huo ni sehemu ya kusema. Wapo wanaoogopa kwamba ishara zitamfanya mtoto awe mvivu wa kutamka. Sivyo, ishara hutangulia neno na kulivuta. Pale Iringa mjini, Neema Crafts, mradi ulioanza 2003 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, nilikuta unahudumiwa chakula na wahudumu viziwi na unaagiza kwa alama za mikono. Nilimpeleka wangu tulipokwenda kwetu. Alijifunza alama ya maji mezani pale pale, na "mai" yake haikupotea.

Ndoo, au kofia

Maneno gani uanze nayo? Wengi tunaanza na yale ya vitabuni: simba, tembo, ndege. Mimi nilianza na kofia kwa sababu ya baridi, nikagonga mwamba.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Linda Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana walionyesha mwaka 2002 kwamba watoto wa miezi 17 waliofundishwa kwa wiki kadhaa majina ya vitu vyenye umbo moja, lakini rangi na ukubwa tofauti, walianza kushika majina ya vitu vingine kwa kasi zaidi hata nje ya masomo. Mtoto anakuwa amegundua siri: jina hufuata umbo. Mwenzake wa chuo hichohicho, Susan Jones, aligundua mwaka uliofuata kwamba watoto waliochelewa kusema hawaangalii umbo kama wenzao. Wao kila kitu kinaanza upya.

Sasa tazama kofia. Ya kufuma ya mtoto ina masikio mawili. Ya babu ni ile ya kushonwa kwa mkono, imesimama kama kopo. Ya shambani ni ya ukindu na ina ukingo mpana. Ya bodaboda ni ngumu na ina kioo. Umbo lipi hapo? Ndoo ni ndoo. Ya lita 20, ya rangi iliyokwisha, ya bati ya kuchotea mtoni, ile ndogo nyekundu ya kuchezea mchanga: zote mdomo mpana, chini pembamba, mpini juu. Kwa mtoto anayeanza, ndoo ni bora kuliko kofia. Kofia ije ya nne au ya tano.

Kuna jambo jingine ambalo sijaliona likizungumzwa, na linatuhusu sisi wa Kiswahili. Maneno yetu hubadilika mbele. Kijiko kikiwa viwili ni vijiko, mti ni miti, jiwe ni mawe, na mtoto anayejaribu kulikamata neno analiona limebadilisha kichwa. Ndoo moja, ndoo kumi, bado ni ndoo. Ndivyo zilivyo ndizi, paka, taa, nguo, kofia, na meza. Vitenzi navyo hujificha zaidi: anafungua, nimefungua, tutafungua. Lakini ukiamrisha, kitenzi hubaki peke yake bila kiambishi chochote. Fungua. Toa. Weka. Lala. Kaa. Kwa hiyo kwa mtoto huyu chagua "fungua" na uitumie hivyo hivyo: fungua mlango, fungua chupa, fungua mdomo, fungua kiatu, fungua kwa bibi.

Sikiliza pia anapoanza. Mkazo wa Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na watoto wengi huanza na mkia wa neno. Fungua itakuja "gua". Kofia itakuja "fia". Usiikose kwa kuwa ulikuwa unasubiri neno zima.

Picha, vitu au simu

Kitabu cha picha ni kizuri jioni, mtoto akiwa mapajani, kikifuata kitu alichokigusa mchana. Kikiwa peke yake ni dhaifu kuliko soko. Nusu saa Mwanjelwa kati ya ndizi, viazi na maparachichi, muuzaji akimpa ndizi mkononi, hakuna kitabu kitakachoifikia.

Simu ina pande mbili. Katuni: Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2019 linashauri mtoto wa mwaka mmoja asikae mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikiwa pungufu ni bora. Katuni haimsubiri mtoto wala haijui anatazama nini. Simu ya video na baba aliyeko kazini Chunya ni tofauti kabisa, maana baba anajibu. Tafiti zimeonyesha watoto wa umri huu hujifunza neno kwa mtu wa kwenye kioo anayewajibu papo kwa papo, na hawalijifunzi vivyo hivyo kwa video iliyorekodiwa. Baba aambiwe maneno ya wiki. Naye akinyanyua ndoo yake ya huko, ndiyo ndoo ya tano hiyo.

Kiswahili tupu, au na lugha ya bibi

Katika kliniki moja niliambiwa nimwachishe Kinyakyusa kwanza kwa sababu "anachanganyikiwa". Nilitii kwa mwezi mmoja, na ninaujutia mwezi ule. Bibi yake alikuwa akimpakata kimya, mtu ambaye maneno humtoka kama maji ya mto Kiwira. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema. Mtoto mwenye tatizo la kweli atakuwa nalo katika lugha zote mbili, na mwenye maneno 30 ya Kiswahili na 25 ya Kinyakyusa ana maneno 55. "Mai" na "misi" ni mawili. Mwache bibi aseme amisi, nawe useme maji, na mimi Mhehe nikija na "kamwene" yangu asubuhi hakuna kilichoharibika.

Kituo, au bibi

Watu husema mpeleke kituo cha kulelea watoto, akikaa na wenzake atasema. Akikaa na wenzake atacheza, na hilo lina faida yake, lakini mtoto wa miaka miwili huchota maneno kwa mtu mzima anayeongea naye uso kwa uso. Nenda ukae asubuhi moja uangalie. Kama dada mmoja ana watoto ishirini na televisheni imewashwa, bibi aliyeketi barazani akimenya viazi anamshinda mara nyingi. Kama walezi ni wengi na wanachuchumaa kuongea na watoto, na nyumbani mtoto hushinda na msichana wa kazi na simu, kituo kinashinda. Ile programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wadogo iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021 inakiita kitu hiki malezi yenye mwitikio. Kitafute hicho, jengo baadaye.

Mbeya, au Dar

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini na wengi wao wako miji mikubwa. Kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na tiba ya usemi haiishi kwa safari moja. Kwa hiyo anza karibu: kadi ya kliniki mkononi, kituo cha afya, kisha rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au ya mkoa kwa walio Iringa. Kama masikio yana tatizo kubwa, hapo Dar inastahili nauli, kwa sababu Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya kusaidia kusikia tangu 2017, na kadiri mtoto anavyowahi ndivyo anavyofaidika. Kama masikio ni mazima na mtoto anaelewa, safari ya Dar iwe moja, na uende nayo kwa kusudi: mwombe mtaalamu akuone wewe ukicheza na mtoto, akurekebishe hapo hapo, akuandikie maneno ya kwanza, mkubaliane lini utampigia. Tafiti nyingi zimeona mzazi aliyefundishwa vizuri anamsaidia mwanawe kwelikweli. Ukirudi na barua tu bila kuonyeshwa kwa vitendo, umelipa nauli ya bure.

Nenda na orodha ya maneno yenye tarehe. "Hasemi sana" haimwambii daktari chochote. "Machi maneno 8, Juni maneno 31, hajaunganisha" inamwambia mengi.

Kama una nusu saa tu

Najua mama anayechuma chai Mufindi anatoka alfajiri na kurudi giza likiingia, na mwenye banda Soweto hapa Mbeya hafungi mapema. Huyo asijaribu yote niliyoandika. Kati ya kugawa nusu saa yako kwa maneno kumi na kuiweka yote kwa matatu, shika matatu. Yawe ya saa ile ile unayofika: ndoo kwa sababu anaogeshwa, nguo kwa sababu anavalishwa, taa kwa sababu inawashwa. Mwambie anayeshinda naye maneno hayo hayo, ayaseme mchana kwa lugha yake. Wiki mbili, kisha ongeza mengine, yale ya mwanzo yakiendelea kupita pita.

Kwetu "doo" ilikuja wiki ya tatu, asubuhi, wala si kwa ndoo niliyomfundishia. Mpita njia alikuwa na ndoo ya maziwa kichwani, ya kijani, upande wa pili wa barabara. Dada yake alikimbilia kibakuli cha maharage kabla sijasema kitu.